Majani Yaliyofungwa Fundo

Jamila alibebwa hadi barazani, mbele ya hakimu, kwenye kiti cha mumewe fundi cherehani, mguu umefungwa kwa vijiti. Okito, mwindaji aliyeshtakiwa, alipomwona hakumhurumia hata kidogo. Alikuwa na hasira. Shimo la kunasia nguruwe pori ambamo Jamila alitumbukia, yeye alilichimba kama wawindaji wote wa ukoo wake, akasimika fimbo pembeni na kuifunga majani kwa fundo, alama ambayo hata watoto wa kijijini kwao huikwepa. Leo afungwe jela kwa sababu mwanamke wa mjini hana macho?

“Alama ilikuwa pale,” alisema. “Muntu akipita, njo kosa yake.”

“Majani iko mingi mu pori,” Jamila akajibu. “Miye niliona majani tu.”

Watu wakacheka. Hakimu Kitenge hakucheka. Mwaka ule Wabelgiji walikuwa wamekataza kukata kuni karibu na reli, na wanawake wa mji wa Kindu walikwenda mbali kuzitafuta.

“Okito, mbele ya kuchimba, uliona nyayo gani mu ile njia?”

Okito hakujua kudanganya.

“Ya viatu.”

“Mu kijiji yenu munavaa viatu?”

“Hapana, juji. Ni ya watu wa mujini.”

“Basi ulijua wanapita. Na alama yako, nani aliwafundisha?”

Kitenge akaamua: jela hapana, ila Okito atampelekea Jamila kuni mpaka atembee. Okito akaondoka amenuna, akiamini ameonewa.

Asubuhi iliyofuata alifika mtaa wa Waislamu na mzigo begani. Pazia la mlangoni lilikuwa limeshushwa. Akalisukuma, akaingia. Ukapigwa ukelele: Jamila alikuwa kichwa wazi, wifi zake wakimkanda mguu. Okito akarudi nyuma mbio, kuni zikamwagika uani.

Mume, Hamisi, akamfuata amefura.

“Hukuona pazia? Ikishushwa, mwanaume haingie! Kila muntu anajua!”

“Niliona,” Okito akasema, “kitambaa tu.”

Akayasikia maneno yake mwenyewe, uso ukamwaka kwa aibu.

“Umuache, Hamisi,” Jamila akasema kutoka ndani. “Hajui.”

Okito akainama, akaziokota kuni moja moja na kuzipanga ukutani. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama nje ya pazia, mbali nalo kidogo.

“Mama Jamila,” akaita, “mguu inauma sana?”

Wakati wote wa kesi hakuwahi kumuuliza.

“Inauma, Okito,” akajibu. “Inauma sana.”