Friji la Biubwa Linanguruma

Kisarawe nzima ilijua kwamba Biubwa ana friji, na kama alikuwapo asiyejua, kosa halikuwa la Biubwa. Lilikuwa jeupe, linamfika mabegani, na chini yake ilikaa taa ya mafuta ya taa ya kuliendesha, maana umeme wakati ule ulikuwa habari ya Dar es Salaam. Mumewe Zahoro alimpikia Mzungu mmoja kwa miaka mingi. Mzungu aliporudi kwao akamwachia friji hilo. Zahoro akaliweka sebuleni, ili mgeni aliamkie friji kwanza, mwenye nyumba baadaye.

Tatizo lake, halikujua kunyamaza. Gulugulu kwenye mabomba ya nyuma, kimya kidogo, kisha ka! kama mtu amevunja kijiti. Majirani hawakukawia kusema lina jini. Habari ikatembea mpaka Misugusugu kwa Bi Swaumu, mama mkwe wa Mwamini, binti pekee wa Biubwa. Mwamini alikuwa amerudi kwao na mimba yake ya kwanza, kwani mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Na mama mwenyewe ndiye mkunga! Nusu ya vijana wa pale walipokelewa na mikono yake. Sasa Bi Swaumu akatuma salamu: anakuja kujionea, na kama nyumba inanguruma kweli, ataondoka na mkwewe.

Biubwa ilimwingia moyoni. Awazalishe wake za watu wote, wa kwake akazalie ugenini?

Asubuhi ya ugeni alikwenda kisimani. Aliporudi, nyumba ilikuwa imejaa moshi wa ubani. Wifi yake Mwanajuma, dada yake Zahoro, amekaa mbele ya friji, chetezo kinafuka, na friji lenyewe amelifunika kaniki gubigubi mpaka sakafuni, kama anavyofunikwa mgonjwa anayepungwa.

"Sikiliza, wifi," Mwanajuma alisema. "Kimya! Ametoka."

Majirani waliojazana dirishani wakapiga vigelegele. Kweli, palikuwa kimya. Lakini kimya kile hakikumpendeza Biubwa hata kidogo. Yeye ni mtu wa kutega sikio kwenye matumbo, na hakuna alichokiogopa kama tumbo lililonyamaza. Friji nalo alikuwa amelisikiliza vivyo hivyo tangu liingie, huku akimsumbua Zahoro kwa maswali, mpaka akazijua sauti zake. Akafunua kaniki, akainama. Taa ilikuwa imezimika kwa kukosa hewa.

"Hukumtoa jini, wifi. Umemkaba koo asiyeumwa."

Kabla Mwanajuma hajajibu, hodi ikapigwa. Bi Swaumu huyo, na vumbi la njia nzima miguuni.

"Karibu, mkwe wangu. Habari za Misugusugu?"

"Njema, mkwe wangu." Akapokea shikamoo ya Mwamini, akaketi, akatega sikio. "Mbona kimya? Nimeambiwa linanguruma."

"Maneno ya watu tu hayo," Mwanajuma alidakia, akimkonyeza Biubwa.

Biubwa alimtazama binti yake, aliyekaa mkekani mikono juu ya tumbo. Angefunga mdomo wake tu, Mwamini angebaki. Lakini afiche kitu kizima nyumbani kwake, kana kwamba ni aibu? Thubutu!

"Linanguruma, mkwe," alisema. "Limezimika tu. Ngoja niliwashe ulisikie."

Mwanajuma akajishika kichwa. Biubwa akasawazisha utambi, akawasha, akangoja mpaka moto ukawa wa buluu, kisha akaandaa wali. Walikula, wakanawa. Sahani zilikuwa zimekwisha kuondolewa friji lilipoanza: gulugulu, gulugulu.

Bi Swaumu akaukusanya ushungi wake, tayari kuinuka. Biubwa akamshika mkono, akamvuta mpaka kwa Mwamini, akamtegesha sikio tumboni. Ndani mlikuwa na mapigo ya mbio, na maji yakicheza mtoto alipojigeuza. Kisha akamtegesha sikio kwenye friji.

"Hii ni dawa ya baridi. Inachemka mabombani, inapanda na kushuka. Na ukisikia ka! ni bati linajinyoosha kwa joto. Hapa kwangu, mkwe, kizima hupiga kelele. Siku utakayosikia kimya, ndiyo uje mbio."

Akafungua mlango wa friji, akamimina maji yaliyokuwa bado baridi. Bi Swaumu akanywa, akashika jino, akanywa tena.

Ka!

Mwanajuma aliruka mpaka mlangoni. Bi Swaumu hata bilauri haikutikisika mkononi.

"Kaa chini, Mwanajuma," alisema. "Linajinyoosha." Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe utazalia hapa, kwa mama yako."

Biubwa aliipokea bilauri, akaenda uani kuiosha polepole, maana lile tabasamu lilikuwa kubwa mno, si adabu kumwonyesha mkwe.