Dawa Iliyonasa Kwenye Moyo

Pale maabara walimwita Mtabiri, kwa utani tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kubashiri dawa gani itanasa kwenye protini ipi mwilini. Programu yake ilipewa umbo la dawa, nayo ikarudisha alama: ikiwa kubwa, dawa itanasa; ikiwa ndogo, itapita zake.

Mkuu wa maabara alikuwa na dawa yake ya malaria, aliyoihangaikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Iliua vimelea vizuri. Kabla haijaanza kujaribiwa kwa watu, Mtabiri aliipitisha kwenye programu, kutimiza wajibu tu. Alama ya vimelea ilikuwa nzuri. Ila kulikuwa na nyingine kubwa, kwenye protini inayosaidia kupanga mapigo ya moyo.

Alirudia. Jibu likawa lile lile. Akapiga moyo konde, akaenda kumwambia.

"Binti yangu," mkuu alisema bila kuinua macho, "mashine yako inabashiri. Mimi nimepima."

"Umepima kwenye vimelea, mzee. Kwenye moyo bado."

Mkuu akavua miwani. "Haya, tupime. Usije ukasema nilikuziba mdomo."

Fundi wa maabara aliotesha seli za moyo kwenye kisahani. Chini ya darubini zilidunda kwa pamoja. Alipodondosha dawa zikaanza kusuasua, nyingine zikasimama kabisa. Mkuu alitazama weee, kisha akanawa mikono na kwenda zake nyumbani mapema. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

Jioni chakula hakikumpanda Mtabiri.

"Kwani ulikosea?" mama yake aliuliza.

"Nilipatia, mama."

"Sasa mbona umenuna kama uliyefiwa?"



Kesho yake maabara, Mtabiri alimkuta mkuu amekalia kiti chake yeye, anabonyeza kompyuta kwa kidole kimoja.

"Tukiikata dawa mkia huu hapa kwenye umbo lake, programu yako inasemaje?"

Mtabiri akavuta kiti kingine. Wakakata, wakaunga, wakabadilisha. Mara nyingi umbo lililouacha moyo liliviacha na vimelea pia. Baada ya majuma ya kubishana wakapata moja la wastani, fundi akalitengeneza na kulipima. Seli za moyo ziliendelea kudunda. Vimelea vilikufa, ila kwa kujivuta.

"Pa kuanzia tunapo," mkuu alisema, akamwomba Mtabiri afungue umbo linalofuata.