Mwendo wa Saa Tatu Kutoka Ottawa

Kutoka Ottawa hadi kwetu Iqaluit, kaskazini kabisa kwenye barafu, ni kilomita elfu mbili na ushei, mwendo wa saa tatu kwa ndege. Kila aliyekuja kumjulia hali mama alinitajia hizo saa tatu, utadhani mimi sizijui. Zilinichosha.

Mdogo wangu Ulipa alipelekwa huko kusini mwezi mzima kabla ya kujifungua, maana presha ilimpanda. Alipoondoka mama alikuwa anakohoa tu. Sasa mapafu yalikuwa yamekwisha, na daktari alishatuambia ni suala la siku. Mtoto alizaliwa Jumanne, wa kiume. Hadi Ijumaa hakuwa na jina, kwa sababu mama alitaka kwanza ampakate.

"Nikitangulia, mpeni mtoto jina langu, kama desturi yetu ilivyo," aliniambia asubuhi hiyo, akimung'unya kipande cha samaki aliyeganda. "Na mniite mama kama kawaida. Nitakuwa mimi yuleyule, ila safari hii wewe ndiye utakayenibadilisha nepi."

"Mama, hebu acha. Saa nane mchana wanatua."

"Basi nisuke. Asije akanikuta kama mbwa aliyelala nje."

Nikamsuka mikia miwili. Simu niliiegemeza kwenye birika, tukawa tunakitazama kile kidege cha kuonyesha ndege yao kwenye ramani kikipanda kaskazini taratibu. Ilipofika saa saba upepo ukaanza kupeperusha theluji. Nyumba ya jirani, ya buluu, ikapotea dirishani. Nikajipa moyo kwamba utapita.

Saa nane kasoro tukaisikia ndege juu ya paa. Mama akafumbua macho.

"Huyo!"

"Huyo kafika," nikasema.

Ikapita, ikazunguka, ikapita tena. Kisha mngurumo ukaenda ukififia, na kwenye simu nikaona kidege kimegeuza pua kusini. Ulipa angekaa na kichanga saa sita angani, ashukie palepale alipopandia.

"Wameshatua?" mama akauliza.

Ningeweza kumwambia kweli. Nilishindwa.

"Wameshatua, mama. Wanangoja mizigo."

"Mizigo ya Ulipa hiyo!" Akacheka kidogo. "Atakuwa kabeba duka zima."

Akageuza uso kuelekea mlangoni, akangoja. Alikata roho saa tisa na nusu, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na Ulipa bado yuko angani, akizidi kwenda mbali.

Jioni alinipigia kutoka uwanja wa Ottawa, amechoka, mtoto analia. "Dada, mwambie mama tunajaribu tena kesho. Hebu mpe simu niongee naye."

"Ulipa," nikasema, "mpakate vizuri huyo mtoto. Ndiye mama sasa."

Alipiga yowe ambalo sitalisahau.

Jumamosi upepo haukutulia; walifika Jumapili. Anga lilikuwa safi, na ndege ilichukua saa tatu kamili, kama watu walivyosema. Palepale uwanjani Ulipa alinikabidhi mtoto. Kitoto kilinitazama kimekunja kipaji, kama mtu anayesubiri jibu.

"Mama," nikamnong'oneza, "nilikudanganya. Hawakuwa wametua. Nisamehe."

Akaangua kilio, nami nikambembeleza weee, wala hakunyamaza mpaka Ulipa alipomchukua.