Njia ya Kwenda Nyumba ya Bluu

Kila asubuhi, bintiye Tabby akishakwenda kazini na vikombe vya chai vikishaoshwa, Nduta alikuwa akivaa miwani yake, akaketi mbele ya kompyuta ya mjukuu wake na kumtembeza mtu mdogo mwenye kofia ya kijani kutoka mtoni hadi kwenye nyumba ya bluu. Nyumbani humo hamkuwa na mtu. Alimgeuza mlangoni, akamrudisha alikotoka. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, naye aliifanya kwa uangalifu wa mwanamke aliyeachiwa ng'ombe wa jirani.

Shiro ndiye aliyemwachia, siku ile alipokuwa akifunga sanduku la shule ya bweni.

"Cucu, hii gemu haingojangi mtu," alimwambia nyanya yake. "Ukipanda kitu, inaonekana. Ukikata, inaonekana. Na mahali watu hawapiti, nyasi inamea mpaka njia inapotea. Sasa hii njia ya kwenda kwa Baba, usiache ifungwe. Si utaniahidi?"

"Nimekuahidi. Enda usome."

Baba huyo ni Ken, aliyekuwa Kanada. Yeye na bintiye walikuwa wameijenga nyumba ile pamoja, kila mmoja akiwa upande wake wa dunia, na kila Jumamosi walikutana humo wakavua samaki na kupiga soga. Kisha Ken akapata zamu za usiku. Baada ya zamu zikaja sababu nyingine, na sasa mwaka mzima ulikuwa umepita bila mguu wake kukanyaga pale. Kila Jumapili alipiga simu, akaongea kama mtu anayefukuzwa. Shiro hakulalamika. Aliendelea tu kuikanyaga njia, siku baada ya siku, na hakuna aliyethubutu kumwuliza mwisho wake ni lini.

Nduta angeishia hapo, mambo yote yangekuwa shwari. Lakini mkulima ni mkulima. Juu ya nyumba ya bluu palikuwa na mteremko wenye miti ya matunda mekundu, mirefu, iliyokonda, na kila alipoipita mikono ilimwasha. Kwao Kiriaini, mibuni ya kahawa ikizeeka namna ile hukatwa ikabaki visiki, ichipuke upya na kuzaa kama mwanzo. Hakuna mwenye akili zake anayeililia. Basi asubuhi moja akampa yule mtu shoka, akaikata yote, mti kwa mti, akaenda kupika githeri huku moyo umemtulia. Alijiona amemfanyia mtoto jambo la maana.

Mvua ikanyesha mle ndani. Visiki havikuchipuka, kwa kuwa aliyeutengeneza mchezo ule labda hakuwahi kuuona mbuni. Mteremko ulilegea, mto ukageuka rangi ya matope, wanakijiji wa mle mchezoni wakafunga virago vyao na kuvuka daraja. Siku iliyofuata nyumba ya bluu haikuwapo. Palikuwa na tope tupu, na kipande cha paa.

Nduta alishika kichwa. Alibonyeza kila alichoweza kubonyeza, akaomba, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Tope likabaki pale pale. Tangu hapo chakula kikawa hakimpiti kooni, na Tabby alipomwuliza kama ni tumbo, alikubali ni tumbo.

Siku ya wazazi kutembelea shule ilipofika, Shiro alimvuta kando kabla hata ya kufungua mkebe wa chapati.

"Cucu, njia iko sawa?"

"Iko," alisema Nduta, akajichukia papo hapo.

Mara muhula ukaisha. Shiro aliingia nyumbani Jumapili mchana na mkoba mgongoni. Nduta alimfuata hadi kwenye kompyuta, akasimama nyuma ya kiti, mikono ndani ya leso. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, na yote yalimtoroka.

"Ni mimi, mjukuu wangu. Nilikata miti. Nilifikiria ni kahawa. Halafu nikakudanganya."

Shiro hakugeuka. Alimpeleka yule mtu mwenye kofia ya kijani hadi ukingoni mwa tope, akamsimamisha hapo. Mabega yake yalianza kutikisika. Nduta alijua amempoteza mtoto huyu.

"Kwa hivyo hakuna mahali pa kwenda," Shiro alisema.

"Hakuna. Nisamehe."

"Cucu, nilikuwa nimechoka." Sasa aligeuka, uso umelowa machozi, na chini ya machozi palikuwa na kitu ambacho Nduta hakukitarajia kabisa. "Nilikuwa nimechoka sana. Niliogopa tu kuwa wa kwanza kuacha."

Nduta alimkumbatia, naye akalia pia, kwa furaha ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha Shiro akapangusa pua kwa mkono wa sweta, akauliza kama kuna chakula.

Kilikuwapo, na kingi. Walikula kwa sufuria moja pale jikoni, Nduta akila kama aliyetoka kupona. Walikuwa bado wanakula Tabby alipotokea mlangoni, simu mkononi, ameiziba kwa kiganja.

"Shiro, ni baba yako. Anasema ana dakika chache tu."

Zamani Shiro angeruka, akaacha kijiko hewani. Nduta alimtazama, akangoja.

"Mwambie niko sawa," Shiro alisema, akijiongezea maharagwe. "Mwambie nakula."