Iliondolewa na Nani?

Mwalimu Chaki alipoandika ubaoni kwamba somo la jioni ile lilikuwa "passive", Mama Pasi alifunga daftari lake pwaa.

"Basi mimi niruhusuni niende nyumbani," alisema. "Pasi naijua. Mwaka wa kumi na tisa huu nanyoosha mashuka ya hospitali. Kama kuna mtu anataka kunifundisha pasi, aje na yake tushindane."

Darasa zima likaangua kicheko. Lilikuwa darasa la watu wazima, saba tu, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vioo, na kila mmoja alikuja pale akitoka kazini na uchovu wake. Kinyozi ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akapiga meza. Mama Pasi naye alitabasamu, ila tabasamu halikufika mbali. Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya somo hilo, mkono wa mdogo wake wa tumbo moja ulikuwa umeingia kwenye mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa na mapipa mawili marefu ya chuma yanayozunguka, moja lina moto ndani. Shuka linaingia limelowa, linatokea upande wa pili limekauka na kunyooka. Wafanyakazi wa kiwanda kile kikubwa cha kufulia waliiita Mamamkwe, maana ilitaka heshima na ukae nayo mbali kidogo. Mbele yake palikuwa na kinga, ubao mwembamba wa chuma. Ukiugusa tu kwa vidole, mashine inazima. Jumanne ile kinga haikuwepo. Mdogo wake alikuwa akilisha shuka, pindo likamnasa kidole cha pete, na mkono ukafuata. Sasa alikuwa wodini, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, amelalia shuka ambalo huenda alilinyoosha mwenyewe.

"Si pasi hiyo, mama, ni kauli ya kutendwa," alisema Mwalimu Chaki. Alikuwa mzee mwembamba aliyestaafu shule lakini shule ikakataa kumstaafu yeye. "Tulia uone."

Akaandika: "The barber broke the cup." Kinyozi alivunja kikombe.

"Mbona mimi tena?" kinyozi akalalamika.

"Kwa sababu unacheka sana. Sasa tazameni. Kikombe nakitoa nyuma nakileta mbele. Namtafutia 'was' wa kumshika mkono. 'Broke' inageuka 'broken'. Halafu kinyozi nampeleka mwisho kabisa wa foleni, na ili ajulikane ndiye aliyefanya, namtangulizia hiki kineno, 'by'. Kwetu ni 'na'. Kikombe kilivunjwa na kinyozi." Ubao ukasema: "The cup was broken by the barber."

Wakajaribu mifano mingine. Mwalimu aliandika "The tea was drunk", na kinyozi, ambaye neno hilo alilijua kwa maana ya ulevi tu, akatafsiri kwa sauti ya kujiamini kwamba chai ililewa. Walicheka tena. Hata Mama Pasi alisahau kidogo.

Kisha Mwalimu Chaki akarudi kwenye sentensi ya kikombe, akaweka kiganja chake ubaoni na kufuta maneno matatu ya mwisho. Ikabaki "The cup was broken."

"Na hivi ni sawa pia. Mtendaji ukitaka unamweka, usipotaka unamwacha. Sentensi imekamilika, na kwenye mtihani unapata alama zako zote."

Mama Pasi akanyoosha mkono. "Na kinyozi yuko wapi?"

"Hayupo kwenye sentensi."

"Lakini kikombe si kiko chini vipande vipande?"

"Kiko chini, ndiyo."

"Sasa huyo mtu kaenda wapi?"

Mwalimu akageuza kiganja akakionyesha darasa. Kilikuwa cheupe kwa vumbi la chaki. "Huyu hapa," alisema. "Hajaenda popote. Amefutwa."

Mama Pasi alihisi damu inampanda usoni, na haikuwa hasira juu ya mtu mwingine, ilikuwa aibu yake mwenyewe. Wiki tatu nyuma, msimamizi wa kiwanda alikuja na spana mkononi. Kinga ilikuwa ikizima mashine kila shuka likijikunja, na kazi inachelewa. Alifungua skrubu nne kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, akasema, "Nishikie, mama," na Mama Pasi akakinga kiganja. Akazitia kwenye mfuko wa aproni. Mdogo wake alipotoka kunywa maji akauliza, "Dada, kinga iko wapi?" Na yeye, mtu mzima na akili zake, akajibu, "Imeondolewa." Basi, akaishia hapo. Hakusema na nani, na mdogo wake, kwa kumwamini dada yake, hakuuliza zaidi.

Somo lilipokwisha alimfuata Mwalimu Chaki mezani. "Kuondoa kitu, Waingereza wanasemaje?"

Mwalimu akamwandikia kwenye daftari: remove, removed. "Na hili ni jepesi," aliongeza. "Kikombe kinaweza kuvunjika chenyewe kikadanganya watu. Lakini kitu kikiwa 'was removed', jua kimeondolewa. Mtu yupo, hata kama hujamwona."

Njia nzima alikuwa akilitafuna neno hilo. Alimkumbuka mama yao, marehemu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukubali kwamba kikombe kimevunjika. Ukimwambia kimevunjika anasimama na ufagio wake, anakutazama. "Kimevunjika? Kilichoka kuishi kikajirusha? Kimevunjwa! Na nani?" Wala hakuwa akipiga. Alitaka jibu tu, na hakuondoka mlangoni mpaka alipate.

Alhamisi mchana akaitwa ofisini.

Msimamizi alikuwa kijana wa kutosha kuwa mwanawe, shati limenyooka, na shati hilo Mama Pasi alijua nani kalinyoosha. Mezani mwake palikuwa na kibao cha shaba kimeandikwa cheo chake kwa Kiingereza, kinamtazama kila anayeingia. Pembeni alikaa karani, mwanamke mkimya mwenye miwani, vidole juu ya kompyuta. Kiti cha mgeni kilikuwepo, ila mtu wa chini hakuwahi kukikalia. Kilikaliwa na mafaili.

"Mama, shikamoo. Hatutachukua muda," msimamizi alisema, akamsogezea karatasi moja na kile kidau cha wino wa dole gumba. "Kesho anakuja mkaguzi wa viwanda. Hii ni taarifa ya ajali. Wewe ndiye uliyekuwa karibu, unaweka dole hapo chini kama shahidi. Ni Kiingereza, nitakusomea." Akasafisha koo. "Kinga iliondoka. Mkono wa mfanyakazi uliungua. Maelekezo ya usalama hayakufuatwa. Mfanyakazi ataachishwa kazi. Ndiyo hivyo tu."

Mdogo wake alikuwa na watoto watatu na mkono mmoja mzima, na sasa alikuwa anavikwa kosa akiwa amelala dawa zimemlewesha. Dole moja tu, na yeye Mama Pasi angerudi kwenye Mamamkwe yake, hakuna wa kumgusa. Alijua hivyo. Msimamizi pia alijua hivyo, ndiyo maana alikuwa ameshaanza kutazama simu yake.

"Naomba niisome," alisema Mama Pasi.

"Uisome?"

"Naenda shule, mkuu."

Msimamizi akatabasamu jinsi watu wanavyotabasamu mtoto akivaa viatu vya baba yake. Mama Pasi akaiinua karatasi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza na kuukokota kama mtu anayevuta shuka lililolowa. "The... guard... was... re-mo-ved." Akaurudia. Kisha akainua macho.

"Umesema kinga iliondoka."

"Ndiyo, iliondoka."

"Iliaga?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Kitu kinachoondoka kina miguu. Hapa hapajaandikwa iliondoka, pameandikwa iliondolewa. 'Was removed.' Ni karatasi yako, si yangu. Inasema kuna mtu aliiondoa."

Vidole vya karani vilikuwa vimesimama. Msimamizi akamgeukia. "Wewe nilikwambia uandikeje?"

"Uliniambia niandike kinga iliondoka," karani alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Nikaandika 'was removed'. Kiingereza changu ndicho hicho."

Mama Pasi alimtazama mwanamke yule ambaye kwa miaka yote walikuwa wakisalimiana tu na kupishana mlangoni. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote mle ndani, na kila mtu alilijua hilo. Karani akakisogeza kidau cha wino upande, kidogo kidogo, na mahali pake akaweka kalamu.

Mama Pasi akapiga moyo konde, akaichukua. Baada ya neno la mwisho palikuwa na nukta. Akaipa nukta ile mkia, akaandika "by" kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kisha akakitazama kibao cha shaba na kuanza kunakili, herufi moja moja, bila haraka, kile cheo kilichokuwa kikimtazama tangu siku ya kwanza. S. U. P. Msimamizi hakuelewa anachotazama mpaka kalamu ilipofika kwenye V.

"Unafanya nini?"

"Namaliza sentensi."

"Weka kalamu chini! Una ushahidi gani wewe?"

Alitia mkono mfukoni mwa aproni, akamwaga skrubu nne mezani. Zilikuwa zimefuliwa pamoja na aproni mara tatu na ziling'aa vizuri. Moja ilibingirika ikagonga kibao.

"Wewe ndiye uliyezishika!" msimamizi alisema, na uso wake ukachangamka kama aliyeokota kitu njiani. "Wewe mwenyewe ulizificha, na leo unanigeuzia mimi? Na hilo nalo utaliandika?"

"Ndilo nililokuwa naliendea."

Na kweli akaandika. Mstari huo ulimchukua muda, akaomba msaada wa neno moja, na karani akamtajia herufi zake kwa sauti ya chini: "The screws were kept by me." Skrubu ziliwekwa na mimi. Neno la mwisho alilikandamiza kwa kalamu, kwa sababu hilo ndilo lililomuuma, na alitaka limuume. Mdogo wake alistahili kusikia hivyo kutoka kwa dada yake kabla ya kusikia kwa mkaguzi, na jioni ile angekwenda wodini amwambie. Kisha akashuka hadi kwenye mstari wa maelekezo ambayo hayakufuatwa.

"Na hapa," alisema, "ni ajabu. Kinga ilipoondoka ilikuwa haina mtu. Maelekezo yasipofuatwa, mara mtu kapatikana, tena na kazi anaachishwa. Hapa sisaini."

Akaukata mstari huo kwa kalamu katikati, na ule uliofuata. Chini kabisa, badala ya dole, akaandika jina lake lote. Karani akaivuta karatasi, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaitia kwenye faili jekundu la mkaguzi na kulifunga. Ilifanyika upesi, kama kazi ya kila siku.

Msimamizi alikuwa amesimama. Shingo ilikuwa imemvimba juu ya ile kola iliyonyooshwa vizuri. "Mama, unajua unachokifanya? Utafukuzwa kazi. Umesikia? Utafukuzwa!"

Mama Pasi alikuwa na hofu, tusitie chumvi. Lakini masikio yake yalikuwa na shule ya jana.

"Na nani?"

"Nini?"

"Nitafukuzwa na nani? Umeniachia sentensi nusu."

Kutoka nje ilisikika Mamamkwe ikizunguka, bila kinga, na mtu mwingine akiilisha mashuka. Msimamizi akafungua mdomo, akalitazama faili jekundu, akaufunga.

Karani akavuta kibodi karibu, akafungua ukurasa mpya, akaweka vidole tayari.

"Barua ya kumfukuza naianza sasa, mkuu," alisema kwa adabu zote. "Niandike na nani?"

Mama Pasi akakishika kile kiti cha mgeni, akayahamishia mafaili chini, akakaa kusubiri jibu.