Ndoo ya Saba

"Asali nikichuja mimi," Demetria alisema huku akifunga kitambaa kwenye mdomo wa ndoo ya saba, "unaiweka mbele ya kalenda ya parokia na unasoma mpaka jina la mtakatifu wa siku."

Leopoldi, mumewe, alicheka puani kutoka mkekani. Mgongo wake ulikuwa umegoma tangu aanguke mtini pamoja na mzinga. "Watakatifu wenyewe wamechoka kusomwa."

Kikundi chao cha warina asali, hapo Ulyankulu, kilikuwa na sheria moja: sega likishapondwa na kumwagwa kitambaani, mkono ukae mbali. Asali ishuke yenyewe, kwa muda wake, kama bibi harusi. Ukikamua unasukuma chavua na vumbi la nta, na asali inakuwa uji. Anayekamua hunyang'anywa ndoo na vitambaa. Kwa Demetria maana yake ilikuwa kurudi kwenye mabani ya tumbaku, kuning'iniza majani ndani ya moshi ambao kifua chake hakijausahau.

Lakini ulikuwa mwezi wa sita, na baridi iliingia mpaka ndani ya asali. Tone lilining'inia chini ya kitambaa, likafikiri, likaahirisha.

Tangu Alhamisi alikuwa akilala ameketi. Alichota maji, akatwanga muhogo, akamgeuza Leopoldi ubavu huu na huu, kisha akarudi kulitazama tone. Jumamosi alfajiri ndoo sita zilikuwa tayari. Ya saba ilikuwa nusu, na mwenyekiti angefika saa nne.

Mikono ilimtangulia. Ilikusanya ncha za kitambaa, ikasokota, ikakamua. Asali ikashuka pwaa! Mikono ilifurahi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akaiosha kwa sabuni ya mche, akarudia kwa majivu.

Saa nne hodi ikabishwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Stela. Mbona macho yamevimba? Umelia au umepika?"

"Yote ni moshi, mzee."

Mwenyekiti, Mzee Manirambona, hakuwa na haraka. Alichota kila ndoo kwa glasi ileile, akaisimamisha mbele ya kalenda ukutani na kusoma kwa sauti, kama katekista. Mara sita mtakatifu alionekana, mweupe, hana doa. Mara ya saba mzee alikunja uso.

"Huyu kaingia kwenye ukungu."

"Baridi, mzee. Asali ya baridi ina vituko."

"Hukukamua?"

"Mimi?" Demetria alinyoosha viganja vyote viwili, vimekauka kwa majivu. "Mkono wangu haujagusa hata ukingo."

Leopoldi alikohoa, akageukia ukuta.

Jua lilikuwa limechangamka. Nyuki mmoja akaingia kupitia dirishani. Akazipita ndoo, zote zimefunikwa. Akaizunguka glasi, akaiacha. Akatua kwenye kidole cha Demetria, pale penye pete ya ndoa, akapenyeza ulimi chini ya ukingo wake.

Demetria hakumfukuza. Mkono ulibaki hewani, mzito, kama wa mtu mwingine.

Mzee Manirambona aliiweka glasi chini taratibu, naye akainama kutazama. Nyuki alikunywa, akahama kidogo, akaendelea kuizunguka pete.