Saluni ya Jumatatu

Mtaani walikuwa na msemo waliomwekea akiba Msusi wa saluni: mganga hajigangi. Msusi alikuwa na vidole ambavyo, kwa maneno ya wateja wake, vingeweza kusuka hata moshi ukasimama. Lakini binti yake wa kumzaa alitembea na kichwa timtim, nywele zimeshikana kama kichaka. Waliosema hivyo hawakuwahi kumwona Msusi amepiga magoti mbele ya mtoto, kichana mkononi. Hawakuusikia ukelele uliotoka pale meno ya kichana yalipogusa ngozi, ukelele wa mtu anayeunguzwa, wala hawakumwona mama akikitupa kichana na kuketi sakafuni akihema kama aliyekimbizwa.

Binti alikuwa na miaka minane. Baba yake, dereva wa lori aliyelala barabarani zaidi kuliko nyumbani, alimpa jina la Kasuku, kwa kuwa maneno yake yote aliyaokota redioni. Ukimuuliza kama ana njaa alikujibu, "Sabuni moja, povu jingi!" na mama yake akajua hiyo ndiyo "ndiyo" yake. Daktari alisema ni usonji. Wifi alisema ni jicho la watu. Jirani alisema ni kudekezwa. Msusi alilishika la daktari, mengine yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Saluni ilikuwa ya ndugu wawili. Dada mkubwa ndiye aliyeianzisha kwa kiti kimoja na kioo cha kuazima, na ndiye aliyemlea Msusi tangu mama yao alipofariki. Alimfundisha kusuka kabla mdogo mtu hajajua kusoma vizuri. Kwa hiyo dada akisema, Msusi husikiliza. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Jumamosi moja saluni ilifurika hadi kizingitini. Bibi harusi mtarajiwa alikaa chini ya mashine ya kukaushia, kichwa kizima rola, na Kasuku alikuwa pake pa kawaida, chini ya sinki, akipanga rola zilizobaki kwa rangi. Mtu akawasha mashine ya pili. Moja Kasuku aliivumilia, mbili zilimzidi. Alichomoka mikono masikioni huku akipiga ukelele, akapiga meza kumbo, chupa za mafuta zikamwagika, na kichwa chake kikamtwanga bibi harusi tumboni.

"Mtoto wa namna hii hatolewi mbele za watu," alisema mama wa bibi harusi, akipangusa mafuta kwenye viatu vyake. "Wenzako huwafungia ndani. Wao wana haya."

Msusi alikuwa sakafuni tayari, amembana mwanawe kifuani kwa nguvu, maana kubanwa ndiko kulikomtuliza. Alimngoja dada yake aseme neno. Dada akasema.

"Utusamehe sana, mama." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kuanzia wiki ijayo abaki nyumbani. Mfungie mlango uje kazini. Hatakufa."

Mashine zilikuwa zimezimwa. Msusi akainua uso.

"Dada, mlango wa kumfungia mwanangu bado haujachongwa."

Hakuwahi kumjibu hivyo maishani. Alishikwa na hasira, na zaidi ya hasira, woga wa mtu aliyevuka mto na kuona nyuma hakuna daraja.

Kabla dada hajamjibu, mlangoni palikuwa pamesimama mwanamke mrefu mwenye mabuti yaliyoganda saruji. Alikuwa mwashi katika ghorofa lililokuwa likipanda ng'ambo ya barabara. Nyuma yake alijificha, bila kufanikiwa, mvulana mkubwa kama kabati, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Nani alikuwa analia humu?" Mwashi aliuliza.

"Wewe inakuhusu nini?" dada akamjibu.

"Kilio kile nakijua. Nimekisikia kule juu, nikashuka." Akamvua kijana kofia taratibu. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu nyingine ilikuwa msitu, na juu ya sikio palikuwa na kovu bichi. "Huyu wangu wanamwita Mnara. Kinyozi aliita wanaume wawili wamshike, mmoja kila bega. Mashine ikateleza. Tangu siku ile hata mimi hataki nimguse kichwa. Dada msusi, unaweza kummalizia?"

"Huyu wa kwangu mwenyewe sijaweza," Msusi alisema.

"Basi tutashindwa wawili. Kushindwa peke yangu kumenichosha."

Msusi akacheka. Pale pale sakafuni, kwenye mafuta yaliyomwagika, alicheka hadi Kasuku akainua kichwa kumtazama. "Njoo Jumatatu," alisema. "Jumatatu huwa tunafunga."

Jumatatu ya kwanza Mnara hakuvuka kizingiti. Alisimama nje akiisugua fremu ya mlango kwa kidole, nao wakamwacha. Jumatatu iliyofuata aliingia, akashika mkasi, akaunusa, akaufungua na kuufunga mwenyewe hadi akachoka. Redio ilizimwa, mashine zikachomolewa kwenye umeme kabisa ili zisije zikawashwa kwa bahati mbaya. Taulo lilimkera, basi mama yake akaleta shati lake kuukuu wakamfunika nalo mabega. Msusi alikata mara moja, kwach, akarudi nyuma. Mnara akapeleka mkono kichwani, akapapasa, akaushusha. Kwach nyingine. Waliendelea hivyo hadi jua likasogea kutoka ukuta huu hadi ule, na kichwa kilipokamilika kilikuwa na mabonde na vilima, lakini hakuna mtu aliyelia isipokuwa Mwashi.

"Umenyoa vibaya sana," alisema akijifuta macho kwa kiganja cha saruji.

"Njoo Jumatatu nisawazishe."

Habari haina miguu lakini hutangulia. Hazikupita siku nyingi akaja Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyozoea darasa, na binti yake mdogo waliyembandika jina la Mshale, kwa maana mlango ukiachwa wazi hata kidogo tu, ameshatoka. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mguu kauweka mbele kama kizuizi.

"Lala," Mwashi alimwambia.

"Nini?"

"Macho yako mekundu. Huyu wako halali usiku, au siyo? Lala. Mlango nitaushika mimi. Mimi nikisimama mlangoni hapiti hata nzi."

Mwalimu alikataa, akashukuru, akasema hapana kweli, na katikati ya hapana ya tatu akapitiwa na usingizi mdomo wazi. Walimwacha. Tangu siku hiyo kiti kile kikawa cha kulala, na kila Jumatatu palikuwa na mama mmoja anayekoroma huku wenzake wakimlindia mtoto.

Wengine wakaja. Nywele zilikuwa sababu tu. Kilichowaleta kilikuwa mahali ambapo mtoto akipiga kelele hakuna shingo inayogeuka. Walicheka pia, na vicheko vyao vilikuwa na meno.

"Mimi niliambiwa nilimtazama sana nyani nikiwa mjamzito," Mwashi alisema siku moja.

"Mimi niliambiwa nimesoma mno," Mwalimu akajibu. "Ati akili zote nilizimaliza mimi, mtoto hakubakiwa na kitu."

"Na mimi wifi yangu alisema ni damu ya upande wetu," Msusi alisema. "Nikamwuliza, huyo kaka yako anayezungumza na lori lake kuliko na mimi, ni damu ya upande gani?"

Kicheko kile kilimwamsha aliyekuwa kitini, naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kasuku aliyatazama yote haya kutoka chini ya sinki. Siku moja Mnara alipokuwa akimaliza kunyolewa, Kasuku alitoka, akakipapasa kichwa cha kijana kilichonyolewa, akarudia kukipapasa. Kisha akamwendea mama yake, akamshika mkono wenye mkasi, akauweka juu ya nywele zake mwenyewe.

Msusi alijifanya hakuelewa. Nywele zile alikuwa amezipangia mengi: mistari, shanga, mafundo, picha ya kutundika ukutani. Kasuku akaubonyeza mkono tena, na safari hii akasema neno ambalo halikutoka redioni.

"Kata."

Alikata. Machozi yalimtoka, na alipokuwa akikata akajua fika kwamba anaililia fahari yake, wala si mtoto. Mtoto alikuwa amefumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Hapo ndipo dada mkubwa alipoingia na ufunguo wake. Alikuta nywele za watoto sakafuni, Mwalimu amelala, Mnara akizunguka palepale, na mpwa wake kichwa kipara.

"Umemnyoa kama mvulana! Wewe! Msusi mzima!"

"Nimemnyoa anavyotaka."

"Mtoto huyu anajua kutaka nini?" Dada aliketi ukingoni mwa kiti, na sauti yake ikashuka, ikawa ile iliyowahi kumbembeleza Msusi alale. "Mdogo wangu, nisikilize. Watu wanasema saluni yetu imekuwa ya wendawazimu. Wateja wanahama. Mimi nilikubeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe. Sijakuomba kitu maisha yangu yote. Leo nakuomba: hawa waende. Wao au mimi."

Mwashi alikuwa na la kusema, lakini alilimeza. Aliona hili ni la ndugu na ndugu.

Mkono uliomlisha ulikuwa mbele yake, na deni la mama wa pili halilipiki duniani. Alipiga magoti mbele ya dada yake kama anayeomba radhi, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, ulinibeba nilipokuwa sijiwezi. Watu hawakukwambia unitue?"

"Walisema."

"Ukanitua?"

Dada aliinamisha macho kwenye nywele za sakafuni.

"Basi usinifundishe leo kumtua wangu."

Dada aliinuka. Alisema chumba anamwachia, ila vitu ni vyake, na kesho yake alikuja na mkokoteni. Mashine, viti, vioo, hata kibao cha mlangoni, vyote vikaondoka. Msusi alisaidia kupakia. Alifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa hakutaka hata kimoja kivunjike. Mkokoteni ulipopinda kona, alirudi ndani, akautazama ukuta mtupu, akalia kwa sauti. Mumewe, kwenye simu, alimshauri aombe msamaha. "Wewe endesha lori," alimjibu. "Huku naendesha mimi."

Kazini kwa Mwashi kulikuwa na nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa, na ndani yake kioo kikubwa kuliko mlango, ambacho msimamizi alitaka kukivunjilia mbali. Mwashi akakiomba. Siku ya kukichukua, akina mama walikwenda na watoto wao, kwa sababu hawakuwa na wa kuwaachia, na kwa sababu, kama alivyosema Msusi, waachwe kwani ni mizigo?

Walipita barabara kuu mchana kweupe. Mwashi na Mnara walishika mbele, Msusi na mama mwingine nyuma, Kasuku kando akitangaza bei za sabuni kwa sauti ya redio. Mwalimu alifuata, Mshale kamfunga mkononi kwa mtandio. Watu wakatoka madukani. Mafundi wakaacha nyundo. Mtoto mmoja wa kundi lile akaketi katikati ya njia na kuanza kulia, msafara ukasimama, kioo kikashushwa, magari yakapiga honi, na hakuna mama aliyekimbia kumwondoa. Walimngoja.

"Mnawaleta barabarani wa nini?" mwanamume mmoja alifoka kutoka dirishani mwa gari.

"Barabara nimeijenga mimi," Mwashi akamjibu. "Wewe umejenga nini?"

Katika umati alikuwamo mwalimu mkuu wa shule anakofundisha Mwalimu. Kule shuleni Mwalimu alikuwa amesema miaka yote kwamba anaishi na mtoto wa ndugu yake, mgonjwa kidogo.

"Mwalimu? Kumbe huyu ndiye yule wa ndugu yako?"

Msusi, mikono yote imekishikilia kioo kisianguke, hakuweza kumsaidia ila kumtazama. Mwalimu akaukaza mtandio.

"Hapana, mwalimu mkuu. Ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Na muhula ujao nitamleta shule, tuanze kujuana."

Mwalimu mkuu aliona nyuso za wanawake wale, akasogea kando. Mtoto aliyekuwa chini alinyamaza kwa wakati wake, akainuka, na msafara ukaendelea.

Shule ilimkataa Mshale mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu akina mama wote walikwenda, wakaketi ofisini na watoto wao hadi wakapewa dawati. Dada mkubwa alifungua saluni mtaa wa pili, na inakwenda vizuri. Wakikutana na Msusi wanasalimiana, basi. Msusi huumia kila mara, lakini hajajuta.

Kioo alikipachika ukutani, akaazima viti, akaandika mlangoni kwa mkono wake kwamba watoto wote wanakaribishwa, siku zote za wiki. Juzi mama mmoja aliyevaa vizuri alichungulia ndani, akamwona Mshale akiruka juu ya kiti na Kasuku akisoma matangazo.

"Huwa kuna kelele hivi kila siku?" aliuliza.

"Leo wametulia," Msusi alisema, akipangusa kiti. "Unasuka au unapita?"